Pengo moja chini, mawili juu: skrubu tatu, daraja, au niache?

Kigamboni_77

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaoijua fani ya meno, maana kliniki mbili zimenipa majibu mawili tofauti kabisa.

Umri 47. Chini kulia gego kubwa la kwanza halipo, miaka miwili sasa. Juu kushoto hayapo mawili yanayofuatana, gego dogo la pili na gego kubwa la kwanza, miaka mitano. Gego la nyuma yake lipo. Sivuti sigara. Kisukari cha vidonge, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu) ya mwisho 7.9. Picha ya CBCT (eksirei ya pande tatu ya taya) ninayo. Ripoti inasema: chini, kutoka ukingo wa taya hadi mfereji wa neva mm 12.5, upana mm 7. Juu, mfupa uliobaki chini ya sinasi (uwazi wa hewa juu ya magego) ni mm 7 penye gego dogo na mm 4 penye gego kubwa.

Kliniki A wanasema skrubu tatu (za titani, hupandwa mfupani kama mizizi ya meno bandia) siku moja, meno baada ya miezi mitatu. Kliniki B wanasema daraja chini (jino bandia lililounganishwa na meno ya jirani), pleti ya kuvua juu (meno bandia ya kuvaa na kuvua). Nani yuko sahihi, na niulize nini kabla sijatoa hata shilingi? Bei nitawauliza wenyewe, hapa nataka kuielewa kazi.

DktTaya

Umefanya vizuri kuleta vipimo, mkuu. Wengi huja na bei tu.

Tuanze chini, huko ni kwepesi. Mm 12.5 si zako zote. Juu ya mfereji wa neva huachwa mm 2 zisizoguswa, kwa hiyo zinabaki 10.5. Halafu kuna jambo ambalo mgonjwa haambiwi: ncha ya keekee huchimba kupita alama iliyochorwa juu yake, kati ya nusu milimita na milimita moja kutegemea kampuni. Anayechimba "kumi" amefika 10.5 au 11. Skrubu ya mm 10 basi inaingia kwa kubana, ya mm 8 au 8.5 inaingia kwa raha. Chukua fupi. Zamani tuliamini ndefu ndiyo imara, lakini mzigo wa kutafuna hubebwa zaidi na mfupa ulio kwenye milimita chache za juu, karibu na ufizi.

Upana: upande wa shavu unahitaji mfupa wa angalau mm 1.5, upande wa ulimi mm 1. Saba ukitoa 2.5 unapata 4.5. Kipenyo cha 4.0 au 4.3 kinakaa. Akikwambia 5 kwa sababu "gego ni kubwa", atakuachia ukuta mwembamba upande wa shavu, ukuta huo utaliwa, ufizi ushuke, na uzi wa skrubu ubaki wazi ukikusanya ukoga.

Pima na pengo lenyewe. Kati ya skrubu na mzizi wa jirani ni mm 1.5 kila upande; skrubu kwa skrubu ni mm 3. Jino likikosekana miaka miwili, la nyuma huanza kulala mbele na la juu hushuka kumtafuta mwenzake. Kutoka ufizini hadi jino la juu ikibaki chini ya mm 6 hivi, krauni (kofia yenye umbo la jino) haina pa kukaa. Itabidi jino la juu lipunguzwe kwanza au lirudishwe kwa waya. Hilo halionekani kwenye CBCT iliyopigwa ukiwa umeachama. Linataka nakala ya plasta ya safu zote mbili za meno, juu na chini, zikiwa zimeumana.

Juu ndipo hiyo "tatu siku moja, meno miezi mitatu" inaponitia shaka. Penye mm 7 unaweza kuingiza skrubu ya mm 8 kwa kuisukuma sakafu ya sinasi milimita moja au mbili kupitia tundu lile lile. Penye mm 4 ni habari nyingine: hufunguliwa dirisha dogo ubavuni mwa taya, utando wa sinasi unainuliwa taratibu, na nafasi inajazwa chembechembe za mfupa. Kwa mm 4 wapo wanaoweka skrubu papo hapo ikiwa itashika vizuri, wengine husubiri miezi 6 hadi 9 kwanza. Vyovyote vile miezi mitatu haitoshi pale. Hitilafu ya kawaida zaidi ni utando kutoboka. Tundu dogo hufunikwa kwa kiraka cha kolajeni (protini ya ngozi na mifupa) na kazi inaendelea, kubwa kazi inasimamishwa, inashonwa na kurudiwa baada ya miezi kadhaa. Waulize wana mpango gani utando ukitoboka. Wakishangaa swali, ondoka.

Sukari: 7.9 si mlango uliofungwa, lakini wengi wetu huahirisha ikivuka 8, na karibu na 7 ndipo pa kustarehe. Sukari ya juu hupunguza kasi ya mfupa kushikana na titani na hurahisisha maambukizi. Una muda: tumia miezi mitatu kabla ya kazi kuishusha, urudie kipimo.

Vingine vya kumwambia daktari hata asipouliza: dawa za mifupa za jamii ya alendronate au sindano ya zoledronate, denosumab, mionzi iliyowahi kupigwa kwenye taya, dawa za kuyeyusha damu (usiziache kwa kujiamulia, aliyekuandikia ndiye aamue), na kusaga meno usiku. Ugonjwa wa fizi kwenye meno yaliyobaki hutibiwa kwanza. Kupanda jino jipya katikati ya usaha ni kupanda mpunga barabarani.

Mwl_Kinywa

Nakubaliana na DktTaya kuhusu chini. Kuhusu juu nina hoja.

Daraja la Kliniki B lisitupwe bila kuangalia majirani. Daraja la meno matatu hukata jino la mbele na la nyuma: mm 1.5 hadi 2 juu, mm 1 na zaidi pembeni kote. Kama majirani ni mazima, hiyo ni hasara isiyorudi, na skrubu inashinda. Kama tayari yamezibwa nusu nzima au yana krauni, basi daraja halikati kitu kipya na hukamilika kwa wiki mbili tatu. Daraja zuri huvuka miaka 10 kwa wagonjwa karibu 9 kati ya 10. Skrubu yenyewe ni karibu 95 kati ya 100 kwa muda huo huo. Tofauti si kubwa kama matangazo yanavyosema. Namna ya kufa ndiyo tofauti. Daraja hufa kwa jino la nguzo kuoza chini kimyakimya, mara nyingi baada ya gundi kuachia upande mmoja na mgonjwa asihisi kitu kwa sababu upande wa pili bado umelishika.

Sasa juu. Mkuu, una gego la nyuma. Ukiweka skrubu moja tu penye mm 7, umerudisha gego dogo la pili. Pale penye mm 4 unaweza kuacha pengo. Ndiyo, kuacha. Kuna utafiti uliofanyika Tanzania kwa ushirikiano na Waholanzi, ukachapishwa 2003, kuhusu watu wenye safu fupi ya meno, yaani waliopoteza magego ya nyuma. Wenye magego madogo kamili pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayoumana walikuwa na uwezo wa kutosha wa kutafuna. Wewe utakuwa na zaidi ya hapo. Dirisha la sinasi, chembechembe, miezi tisa, na gharama yake, vyote kwa ajili ya jino ambalo halionekani ukicheka. Mimi ningesema skrubu mbili, si tatu.

Pleti ya kuvua ina mahali pake kama fedha hazipo. Lakini ikiwa ni ya plastiki tupu itazama ufizini kidogo kidogo, kwa kuwa haina kitu kinachoizuia isishuke. Omba ya chuma cha kobalti-kromu yenye vikanyagio vinavyokaa juu ya meno ya jirani.

DktTaya

Mwalimu, hoja yako ni nzuri ila umesahau jino la chini kushoto linalotazamana na pengo hilo. Miaka mitano halina mwenzake. Likiwa bado liko usawa wake, hewala, acha. Likiwa linapanda, pengo likiachwa litaendelea kupanda mpaka ligonge ufizi wa juu. Kigamboni_77, uma meno mbele ya kioo, vuta shavu la kushoto kwa kijiko, uangalie kama gego kubwa la kwanza la chini limevuka mstari wa wenzake. Hapo ndipo uamuzi ulipo.

Kigamboni_77

Nimeangalia. Liko sawasawa na wenzake, limeegemea kidogo gego la juu la nyuma. Majirani wa pengo la chini ni mazima, hayajazibwa.

Basi naelemea skrubu mbili. Mnieleze siku yenyewe inakwendaje, na baada yake nile nini. Pili, nimesikia hizo chembechembe na viraka vinatokana na wanyama. Ni kweli?

DktTaya

Likiegemea gego la juu la nyuma, limeshikwa. Nakubali, skrubu mbili.

Siku yenyewe: kula kwanza, hasa wewe wa sukari, na meza dawa zako kama kawaida. Wengi hutoa amoksilini gramu 2 kwa mdomo saa moja kabla. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema. Unasukutua klorheksidini dakika moja. Ganzi ni ya kawaida, lignokaini yenye adrenalini. Ufizi unafunguliwa, keekee ya kwanza ya mm 2 inaingia, inawekwa pini na kupigwa picha kuthibitisha mwelekeo. Usikubali hatua hiyo irukwe. Kisha keekee zinapanda unene moja baada ya nyingine. Maji baridi ya chumvi yanamiminika muda wote, kwa sababu mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika moja seli zake hufa, na skrubu iliyowekwa kwenye mfupa uliokufa haishiki, itatoka yenyewe baada ya wiki chache bila usaha wala homa. Keekee butu hufanya hivyo hivyo. Uliza zinabadilishwa baada ya matumizi mangapi.

Skrubu inaingizwa taratibu. Wengi hulenga mkazo wa Ncm 35 (Ncm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ikishindwa kufika hata 15 haijashika; ikipita 50 na zaidi kwenye mfupa mgumu wa chini, mfupa unabanwa hadi unakosa damu. Wengine hupima pia uthabiti kwa kifaa kinachotoa namba ya ISQ: 70 kwenda juu ni imara, chini ya 60 subiri zaidi. Kisha inafunikwa, ufizi unashonwa. Skrubu moja, dakika arobaini hadi saa moja.

Nyuzi hutolewa siku ya 7 hadi 10. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu halafu hushuka; ukianza kupanda siku ya tano, rudi. Barafu iliyofungwa kitambaa, dakika 20 weka, 20 toa, siku ya kwanza tu. Uji uliopoa, mtori, ndizi, mayai, samaki asiye na miiba. Usisukutue kwa nguvu saa 24, usinyonye kwa mrija. Upande wa juu kama sinasi imeguswa, usipenge kamasi wiki mbili na ukipiga chafya acha mdomo wazi.

Hili lishike: ganzi ya chini huisha ndani ya saa chache. Ukiamka kesho yake mdomo wa chini au kidevu bado kimekufa ganzi, usisubiri miadi ya wiki ijayo. Piga simu asubuhi hiyo hiyo, ipigwe picha. Skrubu inayobana neva ikirudishwa nyuma au kutolewa mapema, ndani ya siku ya kwanza, neva ina nafasi nzuri ya kupona. Ikikaa wiki, nafasi hiyo inayeyuka. Na uvimbe unaoinua ulimi au kukutatiza kumeza na kupumua ni wa kwenda hospitali usiku huo huo.

Chini miezi mitatu, juu minne hadi sita. Muda huo si wa kidonda kupona, ni wa mfupa kuota ukagusana na titani bila utando katikati. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliligundua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakati vifaa vya titani alivyoweka kwenye mifupa ya sungura vilipogoma kutoka. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno ni wa 1965. Ukianza kutafunia mapema skrubu ikacheza hata kidogo, badala ya mfupa huota nyama laini, na hiyo haiponi tena.

Bi_Kibokoni

Salaam nyote. Nalijibu swali la wanyama, maana huku Pwani huulizwa kila siku na aghlabu hujibiwa kwa kukisia.

Ni kweli ndugu yangu. Chembechembe zinazotumika sana hutokana na mfupa wa ng'ombe uliochomwa na kusafishwa hadi ukabaki madini matupu. Ile karatasi ya kolajeni inayofunika juu yake, nyingi hutokana na nguruwe. Bio-Oss ni ya ng'ombe, Bio-Gide ni ya nguruwe, na mara nyingi huuzwa na kutumiwa pamoja, kwa hiyo ukiuliza "mfupa watoka wapi?" utajibiwa "ng'ombe" na swali la karatasi lisiulizwe. Uliza yote mawili mbalimbali, na useme kabla ya siku ya kazi ili waagize. Zipo karatasi za kolajeni ya ng'ombe, zipo za kutengenezwa kiwandani zisizo na mnyama, na zipo chembechembe za fosfeti ya kalsiamu. Na huenda usihitaji chochote katika hivyo: kwa vipimo vyako vya chini, hapana haja, juu kwa kuinua milimita moja tu, wengi hawaweki kitu.

Ila jambo moja limepita haraka hapo juu: usafi. Jino la kupandikiza halitoboki wala halihisi maumivu, ndiyo maana hufa kimyakimya. Jino la asili limefungwa kwa nyuzi zinazoingia ndani ya mzizi kama kamba za jahazi; skrubu haina, ufizi umeikumbatia tu. Ukoga ukishuka pale unakwenda moja kwa moja mfupani. Dalili ya kwanza ni damu wakati wa kupiga mswaki. Hapo bado ni ufizi peke yake na hurudi kwa kusafishwa. Mfupa ukianza kuliwa, haurudi kirahisi.

Mswaki wa kawaida mara mbili, na mswaki mdogo wa katikati ya meno mara moja kila usiku, waya wake uwe umevikwa plastiki usikwaruze titani. Saizi yake ni ile inayopita kwa kubana kidogo. Ikipita bila kugusa ni ndogo mno. Kijiti cha kuchokonolea kiache, huacha vipande vya mti chini ya ufizi. Klorheksidini ni ya wiki mbili baada ya upasuaji, si ya kudumu: hugeuza meno rangi ya chai na kupoteza ladha. Isitumike papo kwa papo na dawa ya mswaki, ngoja nusu saa, povu la dawa huiua nguvu.

Wanaokula tambuu na tumbaku, au wanaokesha na miraa shavu moja, waseme ukweli kwa daktari. Tumbaku ya kutafuna hukaa juu ya ufizi ule ule tunaotaka upone.

Na muulizeni daktari kama kuna ufizi mgumu, usiochezacheza, angalau mm 2 kuizunguka skrubu. Ukiwa laini wa kuvutikavutika kila ukipiga mswaki pataumiza, utaacha kupiga, na yaliyobaki mwayajua.

FundiPlasta

Naongeza ya maabara, maana skrubu ikishika watu hudhani kazi imeisha. Matatizo mengi ya baada ya mwaka wa kwanza ni ya sehemu ya juu.

Vipande ni vitatu: skrubu iliyo mfupani, shingo inayofungwa juu yake (abatimenti), na krauni. Krauni hushikwa kwa njia mbili, kufungwa na skrubu ndogo kupitia tundu juu ya jino, au kugandishwa kwa gundi. Kwa gego omba ya skrubu. Ya gundi ina ubaya mmoja mkubwa: gundi iliyozidi hushuka chini ya ufizi, haionekani, na baada ya muda ndiyo inayoleta usaha. Ya skrubu ikilegea, tundu linafunguliwa, inakazwa, inazibwa, nusu saa umeondoka. Tundu hilo hujazwa tepu nyeupe ya PTFE, aina ile ile wanayofungia mafundi bomba ila iliyotakaswa kwenye otoklevu, kisha juu dawa ya kuzibia jino. Tepu ipo ili siku ya kufungua keekee isiharibu kichwa cha skrubu. Anayejaza dawa tupu hadi chini anamtega mwenzake.

Kabla ya kukaza kabisa ipigwe picha kuona shingo imekaa mpaka mwisho. Ufizi ukibanwa katikati, krauni inaonekana imekaa na haijakaa. Kisha inakazwa kwa kifunguo cha kupimia, mara nyingi Ncm 35 kama kampuni ilivyoandika, inasubiriwa dakika kumi na kukazwa tena, kwa sababu vyuma vipya husagana kidogo na mkazo hushuka. Kukaza kwa mkono "mpaka iume" ndicho chanzo cha krauni zinazocheza mwezi wa tatu. Ukihisi inacheza, usiendelee kutafunia: skrubu ndogo iliyolegea ndiyo inayokatika ndani, na kutoa kipande kilichokatika ni kazi ya sindano na saburi.

Kugusana: skrubu haishuki kama jino la asili linavyobonyea kidogo ukiuma. Karatasi nyembamba ya chuma, mikroni 8 hadi 12, inawekwa katikati. Ukiuma polepole inapaswa kuteleza, ukiuma kwa nguvu inashikwa. Ikishikwa tangu mwanzo, krauni iko juu na itavunja kitu, iwe yenyewe au skrubu. Umbo nalo: krauni inayotoka ufizini kama uyoga, imetanuka ghafla, mswaki hauingii chini yake. Itoke kama shina, pembe isizidi nyuzi 30. Hapo ndipo skrubu nyembamba chini ya gego kubwa inapotuletea taabu, na ndiyo maana sipendi iwekwe chini ya 4.0.

Baada ya mwaka au miaka, chakula kinaweza kuanza kukwama kati ya krauni na jino la mbele yake ingawa siku ya kwanza uzi ulipita kwa kubana. Meno ya asili huendelea kusogea mbele taratibu, skrubu haisogei. Ikiwa krauni ni ya kufungwa na skrubu, inavuliwa, inaongezwa kaure ubavuni, inarudi.

Kigamboni_77

Asanteni sana, hiyo ya karatasi ya chuma sijawahi kuisikia popote. La mwisho: mama yangu, miaka 70, hana jino hata moja. Pleti ya juu inakaa, ya chini inaogelea. Presha anayo, imetulia kwa dawa. Naye anafaa, au umri umepita?

Mwl_Kinywa

Umri haukatazi, mkuu. Na kwa mama usifikirie skrubu nyingi. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitamka kuwa kwa taya la chini lisilo na jino, skrubu mbili zenye vishikizo chini ya pleti ndilo chaguo la kwanza. Mbili tu, zikiwekwa penye chonge, kulia na kushoto, ambako mfupa hubaki hata kwa wazee na neva kuu haifiki. Juu akiwa hana shida, aachwe na pleti yake.

Vishikizo vya aina ya Locator vina kipande cha nailoni ndani ya pleti, kwa rangi kulingana na nguvu ya kuvuta ili kuivua: buluu ni mwepesi, karibu kilo 0.7; pinki 1.4; usio na rangi 2.3. Mzee mwenye vidole vya baridi yabisi aanze na buluu, la sivyo atashindwa kuivua mwenyewe. Nailoni huchakaa na hubadilishwa kila mwaka hivi, kazi ya dakika kumi. Muulize daktari kama anaviweka dukani, maana kusubiri vipande kutoka nje miezi miwili huku pleti ikiogelea ni kama hukufanya kitu.

FundiPlasta

Hapo niongeze mawili. Wakati wa kugandisha vishikizo mdomoni, kuna pete nyeupe nyembamba inayozuia akriliki (plastiki ya kugandishia) isiingie chini ya kichwa. Ikisahaulika, akriliki inaganda pale na pleti haitoki mdomoni mpaka ikatwe. Na juu ya kila kishikizo kuwe na plastiki ya angalau mm 2, au wavu wa chuma ndani. Pleti za chini za namna hii hupasuka hapo hapo, juu ya kishikizo, kwa sababu fundi amechimba kutafuta nafasi akaacha ganda.

DktTaya

Kwa mama: aulizwe kuhusu vidonge au sindano za mifupa kabla ya kitu kingine chochote, wamama wa umri huo hupewa na husahau kuvitaja. Presha ipimwe asubuhi ya kazi.

Kwa wote wawili, na kwa anayefikiria kwenda India, Uturuki au Dubai: msitoke kliniki bila kadi yenye ile stika ya boksi. Jina la kampuni, modeli, kipenyo, urefu, namba ya toleo, na mkazo uliotumika. Vifunguo havilingani: Osstem ni pembe sita za mm 1.2, Straumann wana chao cha umbo la nyota, Nobel Biocare wana Unigrip. Krauni ikilegea ukiwa Tabora na hakuna ajuaye ni kampuni gani, daktari anabaki kubahatisha kwa picha ya eksirei. Daktari mwenyewe mhakikishe yumo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni KMPDC, baraza la huko. Na picha ya siku ya krauni kufungwa ombeni nakala. Ndiyo itakayolinganishwa na ya mwaka ujao: mwaka wa kwanza mfupa ukishuka milimita moja hadi moja na nusu si la kutisha, kuanzia hapo usizidi sehemu mbili za kumi za milimita kwa mwaka.

Kigamboni_77

Nimerudi Kliniki A na maswali yenu. Skrubu mbili wamekubali, chini wameandika 4.3 kwa 8.5. La utando kutoboka walijibu vizuri, ingawa sasa dirisha la ubavuni halinihusu. La keekee hubadilishwa baada ya matumizi mangapi, wamesema wataniambia Jumatatu.

Bi_Kibokoni

Wakikwambia "zikichoka", nenda kwengine.